Kikapu cha Kupozea Maneno

Kisiwani Mombasa wanaonijua wananijua kwa maduka. Ninayo manne ya simu na kompyuta, na la Tononoka, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, nililisimamisha mwenyewe bila mshirika na bila kumpigia mtu magoti, mimi niliyeacha shule darasa la saba. Nyumba yangu iko Kizingo. Jirani zangu wana digrii ukutani, na mitambo yao ikigoma hunijia mimi. Haya nayasema mapema kwa makusudi, kwa kuwa katika mwaka ninaotaka kuuelezea hapa sina mengi ya kujisifia, na mtu akishazoea kujisifia huona uchungu kuanza ukurasa akiwa mikono mitupu.

Mwezi uliopita, saa nne za asubuhi, aliingia mtu mrefu dukani Tononoka, ndevu zimechanganya mvi, koti la nchi za baridi kalitundika begani kwa joto. Alimpita kijana wa kaunta akaja moja kwa moja mezani kwangu. "Salaam alaykum. Wewe ndiye Hamisi wa Bwana Faraji?" Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi mimi ni Bwana Hamisi, au Hamisi wa Simu. Nikamjibu ndiye. Akasema, "Mimi Twalib, mwana wa Bi Rukia. Nimeambiwa wewe ndiwe uliyekuwa ukimsomea mamangu." Nikaagiza chai, si kwa ukarimu, bali nipate kitu kingine cha kutazama zaidi ya uso wake, maana alikuwa na macho ya mamake. Akavuta kiti, akaketi, akaniuliza swali moja. Nitalifikia. Kwanza lazima nirudi kwenye chumba cha Bwana Faraji, mwaka wa tisini na nane, nilipokuwa na miaka ishirini na mitano na kichwa kilichojaa upepo.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba yake, katika kichochoro cha Mji wa Kale ambacho wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Kulikuwa na kochi la raba nyeusi lililopasuka, mkeka, birika la kahawa chungu juu ya jiko la makaa, na pazia la maua lililogawa upande wa wanawake. Kwenye meza ya kona ilikuwa kompyuta, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mkewe, na kando yake modemu ya kuiunga na laini ya simu, iliyolia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni. Bwana Faraji alikuwa karani wa meli aliyestaafu. Zamani aliwaandikia watu barua kwa mkono. Mashine zilipokuja akanunua moja, macho yakamwishia kwa mtoto wa jicho kabla hajaizoea, akanichukua mimi. Nilijifundisha yote mwenyewe, kwa kubonyeza. Hakuna aliyenishika mkono, na sijamwona hadi leo mtu aliyejifunza upesi kama mimi.

Kazi ilikuwa makundi ya habari. Wasomaji wachanga hawayajui, basi nieleze. Kundi la habari halikuwa na nyumba. Ukiandika ujumbe, mashine yako inaupa mashine ya jirani, jirani anampa jirani, na kila mmoja anajiwekea nakala yake, mpaka dunia nzima inao. Hakuna mwenye ufunguo. Ilikuwa kama mtu anayepaza sauti dirishani katika kichochoro chetu: kila dirisha linapokea na kupeleka mbele. Uzuri wake ni kwamba halikutaka laini ya simu kukaa wazi. Mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na baada ya alasiri, niliunganisha, nikashusha ujumbe wa siku, nikakata. Kisha nikausoma kwa sauti, watu wakinywa kahawa, maana kundi letu lilikuwa la watu wa Pwani walio ng'ambo, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake huko: Maskati, Toronto, London. Mwenye jibu alisema, nami nikaliandika, nikalichapa karatasini.

Karatasi hiyo haikwenda popote kwanza. Iliingia kikapuni, kikapu cha ukili kilichoning'inia kwenye msumari karibu na dirisha, na ililala humo mpaka baada ya alasiri. Hiyo ilikuwa amri ya Bwana Faraji tangu enzi za kalamu. "Iwache ipoe, Hamisi," alikuwa akiniambia. "Chai yenyewe hunywi ikitokota." Mwenye barua akibadilisha nia alikuja akachukua karatasi yake, hakuna aliyemuuliza. Nimewaona wanaume wazima wakirudi saa tisa, wamenyoosha kanzu, wakachomoa karatasi zao kikapuni kimya kimya na kuzichana mlangoni. Mimi niliona ni uzembe. Chini ya kila ujumbe nilioutuma niliweka mistari yangu mwenyewe, na mashine niliiamuru iiweke hata nikisahau: HAMISI, FUNDI WA MITAMBO NA MAWASILIANO, MJI WA KALE, MOMBASA. HAKUNA KINACHONISHINDA. Mutua, karani wa reli aliyekuja kila adhuhuri kusoma habari za mpira, alikuwa akicheka mpaka anakohoa. "Fundi wa mitambo! Juzi fyuzi imeungua umeita mtu."

Bi Rukia alikuwa mjane, na Twalib, aliyekuwa Toronto, ndiye mwanawe wa pekee. Alikuja asubuhi zote, akaketi nyuma ya pazia na bakuli la kaimati au mahamri kwa ajili ya wenye chumba, akingoja jina la mwanawe litajwe. Twalib alikuwa mtu wa kuandika mizaha na mambo ya mpira, haikosi mara moja kwa wiki, na mama yake aliridhika na hilo: kusikia kwamba yuko hai na anacheka. Asubuhi moja Bwana Faraji alikuwa ameitwa bandarini Mbaraki asikilize hati za mzigo wa rafiki yake zikisomwa na kutoa shauri, kwa hiyo chumba kilikuwa changu. Nilisoma kwa sauti ninayoiita ya redio. Nikasoma ujumbe wa mtu wa Toronto bila kuutazama mbele: hongera Bwana Twalib kwa kuoa, karamu ilikuwa nzuri, biriani tulikula tukabeba.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Soma tena." Nikasoma tena. "Amemuoa nani?" "Haikutajwa, bibi." Na hapo mshona kofia mmoja aliyeketi kwenye kochi, mtu asiyejua kuufunga mdomo wake, akasema, "Mashallah, Bi Rukia! Mbona mchele mmeula peke yenu, hata kutualika?" Watu wawili wakacheka. Hawakukusudia ubaya. Nilisikia bakuli likiwekwa sakafuni.

"Andika, Hamisi," akasema. "Andika nisemavyo, usinipambie. Twalib, mimi mamako sina radhi nawe. Umenizika ningali hai. Ukija Mombasa usikanyage mlango wangu." Akasimama, akajitanda buibui, akatoka. Bakuli la kaimati lilibaki.

Mtu wa kwetu hana haja ya kuelezwa uzito wa mama kuziondoa radhi zake. Lakini kila mtu chumbani alijua pia kwamba maneno kama yale hutamkwa saa nne na kutenguliwa saa kumi. Kikapu kilikuwepo kwa ajili ya siku kama hiyo. Mimi nilikuwa na chumba peke yangu kwa mara ya kwanza, na nilitaka Bwana Faraji akirudi akute kazi ya siku imekwisha, aone kwamba mitambo haihitaji mzee wa kuichunga. Saa saba mchana nikaunganisha laini. Mutua alikuwa akila viazi karai kwenye gazeti, vidole vimejaa ukwaju. "Hamisi, hiyo si ya kikapuni?" Nikamjibu, nalikumbuka jibu langu kama nililisema jana: "Kikapu ni cha mzee. Mitambo ni yangu." Nikabonyeza. Modemu ikalia, ikanyamaza, ikawa imekwisha.

Saa tisa unusu Bi Rukia alikuja, kabla hata ya adhana ya alasiri. "Hamisi, mwanangu, ile karatasi nipe. Nimeswali nikaketi, nikaona yale maneno ni makubwa." Nikainamia mashine. Akakiendea kikapu mwenyewe. Bi Rukia alisoma herufi za Kiarabu, Kiswahili aliandika kwa herufi hizo na kwa hati nzuri, lakini hizi zetu hakuzijua. Kulikuwa na barua tatu za watu wengine. Alizitoa moja moja, akaninyooshea. "Ni hii?" "Siyo, bibi." "Hii?" "Siyo." "Basi ni hii." Nikasema, "Ngoja niitoe mashinani."

Na ilikuwepo amri ya kufuta. Unaituma nyuma ya ujumbe wako, nayo inapita madirisha yaleyale ikiomba kila mmoja aitupe nakala yake. Niliituma mbele ya macho yake. Ujumbe ukatoweka kwenye kioo changu. Nikamgeuzia kompyuta aone mahali palipokuwa na maandishi pakiwa patupu. "Umefutika, bibi. Wallahi." Siku hiyo sikuwa nasema uongo, niliamini. Akashukuru, akalichukua bakuli lake, akanibakishia kaimati nne kwenye kifuniko.

Siku ya tatu nikashusha ujumbe wa asubuhi, na wa kwanza ulikuwa wa mtu wa Maskati: Subhanallah, Bi Rukia, mama hasemi hivi. Na juu ya jibu lake, kila mstari ukitanguliwa na kialama cha mshale, yalikuwemo maneno yote, sina radhi nawe, umenizika ningali hai. Ndivyo watu walivyojibizana katika makundi: unayanakili maneno ya mwenzako, kisha unaweka lako. Yakaja majibu saba, na kila jibu lilibeba ile laana upya. Amri yangu ya kufuta mashine nyingine ziliitii, nyingine hazikuijali. Nilielewa siku hiyo kwamba nilipomwonyesha kioo kitupu nilimwonyesha dirisha langu mimi, na madirisha mengine yote yalikuwa wazi yakisema.

Bi Rukia alikuwa nyuma ya pazia. Bwana Faraji alikuwa kwenye kochi, macho yake meupe yameelekea sauti yangu. Nikaruka yote saba, nikasoma bei ya karafuu na ajali ya Dubai. Mutua siku hiyo alikuwa na likizo, amekuja mapema, amesimama nyuma ya bega langu, na yeye macho yake yalikuwa mazima. Alingoja tukatoka. "Umeruka." "Sijaruka kitu." "Hamisi, mimi nasoma namba za mabehewa kutwa. Umeruka saba. Mwambie mzee." Nikamjibu kwamba mzee akijua nimekipita kikapu atanifukuza, na mwezi ule ndio alioniahidi kuniachia kazi yote. Mutua akaangalia chini. "Basi mwambie huyo mama." Nikasema nitamwambia.

Badala yake nikafungua jukwaa. Hili lilikuwa jambo jipya, ukurasa wa rangi, na mimi ndiye wa kwanza Mji wa Kale kuutengeneza, kwenye kiwanja cha bure cha kampuni moja ya ng'ambo. Jukwaa lina nyumba. Lina mlango mmoja, na msimamizi aliyeshika ufunguo, naye nilikuwa mimi. Mtu akiandika upuuzi naufuta kwa kidole na umefutika kweli, kwa sababu hakuna nakala kwa jirani. Nilimweleza Bwana Faraji kwa bashasha kubwa, nikimwambia kwamba makundi yanakufa, kwamba kila mtu atahamia kwetu. Alisikiza, akazungusha kikombe chake. "Lile kundi ni la watu," akasema. "Hili lako ni la nani? Huyo mwenye kiwanja akikitaka kiwanja chake?" Nikacheka. Nikaanza kuwatumia watu wote wa kundi matangazo kila wiki: njooni kwenye jukwaa la Hamisi.

Baada ya mwezi barua ya posta ilimfikia Bi Rukia. Twalib alikuwa ameiandika kabla ya harusi, akamwomba dua, akatia picha ya msichana aliyefunga mtandio wa kijani. Ilizunguka njiani wiki nyingi. Mwishoni aliandika kwamba wanahama, anwani mpya ataileta. Haikuletwa. Bi Rukia alinijia na picha ile ameifunga leso. "Hakunificha," akasema. "Ni posta. Andika, Hamisi, kuwa nimetengua. Najua uliyafuta, lakini pengine kuna aliyewahi kuyasikia huko. Uwambie walewale." Alilirudia neno hilo: walewale. Kwetu mama akitamka mbele ya watu, hutengua mbele ya watu walewale, ndipo mwana awe salama.

Walewale walikuwa kwenye kundi. Ningeyaweka kundini, majibu yangekuja na mishale yao, na mara hii chumba kizima kingengojea kuyasikia, nisingeweza kuruka. Basi nikayaweka kwenye jukwaa. Nikamwambia ndiko watu walikohamia wote. Alikuja upande wa huku wa pazia, jambo alilowahi kulifanya siku ile ya kikapu tu, akayatazama maneno yake yakiwa ya bluu juu ya ukurasa mweupe, akagusa kioo kwa ncha za vidole vyenye hina iliyofifia. "Ndiyo haya?" "Ndiyo." "Na Twalib atayaona?" "Bibi, hakuna kinachonishinda." Lakini mistari yangu mitatu sikuiweka chini yake. Niliogopa mtu wa kundini asije akapitia pale, akaona jina langu kwenye maneno mawili yanayopingana, akauliza. Twalib mwenyewe nilimwandikia kando mara moja, mstari mmoja: tazama jukwaa letu.

Aliendelea kuja. Chini ya ukurasa kulikuwa na kidude kinachohesabu wanaofungua, naye alikipenda. "Wangapi leo, mwanangu?" "Mia na kumi, bibi!" Wengi wao walikuwa mimi mwenyewe, nikifungua kutazama kama Twalib amejibu. Mahamri yakaanza kupungua bakulini, kisha yakaja bila mbaazi, kisha akaja mikono mitupu akiomba radhi kwamba miguu imevimba. Wiki mbili kabla ya Ramadhani hakuja. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, tena upande wa mbele, na nyuma yangu nikamsikia mshona kofia akinong'ona, "Mwana gani huyo? Ndio maana alikosa radhi." Nilikuwa na jibu kinywani. Nikabadilisha bega.

Jukwaa lilidumu miaka mitano. Kampuni ya ng'ambo ilituma notisi kwamba inafunga viwanja vya bure. Wakati huo nilikuwa nimeingia kwenye simu, pesa zinakuja, barua zile sikuzifungua. Siku niliyokumbuka kutazama hapakuwa na mlango wala nyumba. Bwana Faraji alishafariki. Mutua alistaafu akarudi kwao Machakos, na mwaka jana jamaa zake wakanipigia kunieleza kwamba wamemzika bila mimi. Kikapu sijui kilikwenda wapi.

Sasa swali la Twalib. Aliweka simu mezani kwangu, akasema, "Binti yangu alinitafutia haya. Imemchukua muda wa kunywa maji." Kuna watu walioyakusanya yale makundi ya zamani wakayaweka ghala moja, na mtu yeyote akitafuta anapata. Twalib, mimi mamako sina radhi nawe. Herufi zote zilikuwa mahali pake, hata kosa la nukta nililolifanya kwa haraka. Na chini yake: HAKUNA KINACHONISHINDA.

"Nilikuwa nikisoma kwenye maktaba ya chuo," akasema, "kioo cheusi, maandishi ya kijani. Hatukuwa na kurasa za rangi. Niliisoma nimesimama. Nikaona hata nikija hapana mlango." Akaigeuza simu kifudifudi. "Nataka kujua kitu kimoja. Baada ya hapo, alisema lolote?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia kikapu, nikamwambia majibu saba niliyoyaruka, nikamwambia jukwaa. Nilipofika kwenye ule mstari niliomwandikia, akainua kichwa. "Niliupata. Nilidhani ni tangazo lako. Ulikuwa ukitutumia kila wiki."

"Alitengua," nikasema. "Radhi alikupa. Mimi mwenyewe niliandika."

"Maneno yake yalikuwaje?"

Mimi nakumbuka bei ya kila simu niliyowahi kuuza. Ile laana naijua kwa moyo, na nisipoijua ipo. Lakini yale mengine nilikuwa nikiyaandika huku nimetega sikio mlangoni asiingie Bwana Faraji, na nilivyotafuta kichwani mbele ya yule mtu nilipata kipande kimoja tu. "Alisema uje na mkeo," nikamwambia. "Alisema, mwambie aje naye, nimtie hina kwa mkono wangu."

Twalib alinitazama muda mrefu. "Hayo aliyasema yeye," akauliza, "au unanitungia wewe, Bwana Hamisi?"

Nikaapa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei anayojua imepandishwa, akachukua simu yake, akashukuru kwa chai. Hakuwa ameigusa. Mlangoni akasimama, nikadhani atarudi, kumbe alikuwa akivaa koti lake.

Hina kwa mkono wake. Hayo aliyasema. Safari hii nayatia jina langu: Hamisi, aliyekuwa wa Bwana Faraji, Mji wa Kale, Mombasa.